Fundi Aliyetazama Ukuta

Kazi yangu ni kupiga video kwenye arusi za wanawake, na mtaji wa kazi hiyo ni jina. Mwanamke akishavua buibui ukumbini, nywele zimetengenezwa, mabega wazi, acheza chakacha mpaka jasho limtoke, kamera yangu ndiyo jicho pekee la nje analoliruhusu. Mwanamume akiiona picha moja tu, hata kwa bahati mbaya, hakuna nyumba ya Mji wa Kale wala Bondeni itakayonifungulia mlango tena. Nami sijui kupika mahamri ya kuuza.

Kwa hiyo mtafahamu nilivyohisi kompyuta yangu ilipoanza kulia tik, tik, tik tumboni mwake, na arusi ya Mahira bado imo humo, sijaitolea nakala. Mahira mwenyewe keshachukuliwa na mumewe Maskati. Mamake, Bi Mejumaa, alikuwa akipita mlangoni kwangu kila akitoka sokoni, akiuliza video iko wapi, na kila siku sauti yake ilipanda kidogo.

Kompyuta yenyewe ni ya zile ambazo kioo na mashine ni kitu kimoja. Yapendeza mezani, lakini ukitaka kufika ndani yake sharti uibandue uso kwanza. Nilitafuta fundi wa kike, nikaulizia mpaka Majengo, na nilichopata ni kuelekezwa kwa mshonaji wa madera. Mwisho nikamwita Ngowa, Mgiriama wa makamo mwenye kibanda chake Mwembe Tayari, mpole, mwenye kusifiwa na kila mtu.

Nilimpa masharti kabla hajaketi.

"Kompyuta ikiwa imezimwa, ni yako. Ikiwaka, wewe watizama ukuta."

"Ukuta upi, dada?"

"Ule wenye kalenda."

Akaukagua kama mtu anayeonyeshwa chumba cha kupanga. "Haya. Nishafanya kazi mahali pabaya kuliko hapa."

Mlango niliuacha wazi kabisa. Mimi ni mjane, yeye ni mwanamume asiye ndugu, na kwenye baraza ya nyumba ya pili hukaa wazee ambao macho yao hayana kazi nyingine. Afadhali waone kila kitu kuliko wakisie.

Diski yangu ilikuwa ya zile za kuzunguka, nayo ilikuwa imechoka. Ngowa alileta nyingine, nyembamba, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, yenye nafasi maradufu. Kwanza ilibidi yote yaliyomo yahamishwe kwa waya kabla ile ya zamani haijakata roho. Hapo ndipo vituko vilipoanza, maana kuhamisha kwataka kompyuta iwe inawaka. Ngowa akageukia kalenda, mikono nyuma, nami nikawa macho yake.

"Waona nini?"

"Vijisanduku viwili."

"Kipi ndicho diski mpya?"

"Nitajuaje? Yote ni herufi na namba."

"Basi usibonyeze kitu. Nisomee moja moja."

Nikamsomea kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyeanza alifu jana, naye akanisahihisha bila kugeuza shingo. Nilipandwa na hasira, nikamwambia aje afanye mwenyewe. Akasema taratibu kwamba masharti ni yangu, niyabadilishe nikitaka. Sikuyabadilisha, lakini hasira iliniisha. Nampenda mtu anayeshika neno kuliko hata yule aliyelitamka.

Kuhamisha kulipokwisha nikaizima, naye akageuka. Akaniomba mashine yangu ya kukaushia nywele, akaipitisha pembezoni mwa kioo mpaka gundi ikalegea. Akabandika vikombe vya mpira vinavyonyonya, akakivuta kioo polepole huku nikisoma kila dua niijuayo. Nyuma ya kioo mlikuwa na nyaya ambazo hata chafya ingezikata. Akazichomoa kwa ncha ya kucha, akatoa diski ya zamani, akatia mpya, akazirudisha nyaya na kukiegemeza kioo mahali pake.

"Gundi baadaye," akasema. "Tuiwashe kwanza tuone kama imekubali."

Akarudi kwenye kalenda yake bila kuambiwa.

Ikawaka, tena upesi, hata sijavuta kiti. Arusi ya Mahira ilikuwa pale pale. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu mlio ule ulipoanza.

"Ifungue uhakikishe yacheza," akasema Ngowa.

Nikaifungua. Macho ya watu nilikuwa nimeyazuia yote, lakini ile spika yangu kubwa nilikuwa nimeisahau, imewashwa, sauti mpaka mwisho, na mlango u wazi. Vigelegele vikafurika kichochoroni, kisha ikaja sauti ya Bi Mejumaa mwenyewe, nene na tamu, akitamba mbele ya wanawake wenziwe:

*Mume wangu alalapo, dari yote yatetema,*
*Majirani waamkapo, wadhani lori lahema.*

Baraza nzima ikaangua kicheko. Na miongoni mwao alikuwepo Mzee Badi, huyo huyo mume, mtu ambaye hata salamu huipima kabla ya kuitoa. Nikauchomoa waya wa spika na kuigandisha video. Mabega ya Ngowa yalikuwa yakitikisika, lakini hakugeuka.

"Mimi niliambiwa macho tu," akasema. "Masikio hayakutajwa."

Sijamjibu, Bi Mejumaa akaingia, kikapu cha sokoni mkononi. Alikuwa ameisikia sauti yake tangu pembeni mwa kichochoro.

"Fadhiya, mume wangu amekaa pale."

"Najua, Bi."

"Nilikupa amana."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame na spika yangu. Nikamwomba radhi, naye akabaki amesimama, mkono kinywani.

Kisha sauti ya Mzee Badi ikasikika kutoka barazani, wala haikuwa ya kucheka. "Mbona mwakata? Wimbo haukatwi katikati."

Bi Mejumaa akafumba macho. Mimi ndimi niliyempiga picha usiku ule, nikijua kinachofuata, na usoni mwake nikaona kwamba aibu ya ubeti uliobaki ilikuwa kubwa kuliko ya ule uliokwisha kusikika. Amezaa naye, amezeeka naye, na neno lile alikuwa amewaambia wanawake wa ukumbini tu.

Akakiweka kikapu chini. "Washa."

"Bi Mejumaa, si lazima."

"Maji yamekwisha mwagika. Washa, mwanangu."

Nikauchomeka waya, nikaiachia video.

*Lakini akinyamaza, usingizi wanihama,*
*Giza lote laniliza, nangoja aanze ngoma.*

Nje hakuna aliyecheka. Nikasikia kandambili zikija. Mzee Badi akasimama kizingitini, mgongo kwetu, uso kwenye kichochoro, kama adabu inavyotaka.

"Mejumaa."

"Labeka."

"Lete hicho kikapu."

Akaunyosha mkono nyuma bila kugeuka. Mimi sijapata kumwona mtu yule akibeba hata kitunguu. Bi Mejumaa akamtilia kikapu mkononi, akajifunika buibui vizuri, akatoka.

Nikaizima kompyuta ili Ngowa ageuke atie gundi yake, nami nikaenda kusimama mlangoni. Mzee Badi, ambaye siku zote hutangulia, alikuwa akienda pole pole ubavuni mwa mkewe, na wale wenziwe barazani wakawapisha. Video aliyonidai wiki zote zile, Bi Mejumaa hakukumbuka hata kuiuliza.