Kilio Bila Kibali

Viti vya kukodi vilipangwa uani tangu asubuhi, na hadi jua lilipofika utosini hakuna aliyekalia hata kimoja. Mama fundi cherehani alikaa chini mlangoni, khanga kichwani, akimlilia mwanawe, Ngongoti, aliyepachikwa jina hilo kwa urefu wake. Alilia peke yake, na kilio cha mtu mmoja, jamani, kinachosha haraka.

Jeshi lilimpeleka Ngongoti kwenye vita vya nchi za watu, ambako mama yake hakujua hata wanagombea nini. Juzi askari mwenzake, aliyerudi na mguu mmoja, alimjia akamnong'oneza: "Mama, nilimfumba macho kwa mkono wangu. Tulimzika hukohuko." Lakini redio inasema vijana wote ni wazima, buheri wa afya. Sasa nani athubutu kumpa pole mtu ambaye serikali inasema hajafiwa?

Shoga yake wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ukuta.

"Nisamehe, shoga. Tumeambiwa atakayekuja kwako atahojiwa."

"Hata ukikaa kidogo tu?"

"Nina watoto, mwenzangu." Akaingia ndani.

Mama alijisikia mkiwa kuliko siku aliyoletewa habari.

Alasiri akaja afande, buti zinang'aa. Alivuta kiti akajimwaga.

"Mama, mwanao yuko kazini. Mbona unamzushia kifo?"

"Basi nipigie simu nimsikie."

"Kule mtandao ni shida."

"Nionyeshe hata kaburi, baba. Nijue nielekee wapi nikimwombea."

"Aliye hai hana kaburi." Afande akashusha sauti. "Na mdogo wake si yuko kambini kwetu? Kundi la pili linaondoka karibuni. Bado tunachagua wa kwenda."

Mama alimtazama yule mtu kwa chuki aliyoshindwa kuificha, kisha akainamisha uso.

"Vua hiyo khanga kichwani," akasema afande. "Lete chai tunywe hapahapa, watu waone hakuna msiba."

Akavua. Akaleta chai, akamimina. Vichwa vya majirani vilianza kuchomoza ukutani. Afande akaangua kicheko, utadhani kasimuliwa kichekesho.

"Na wewe cheka, mama. Wanatazama."

Mama akacheka.

"Kwa sauti," akasema afande.