Esanse ya Ndege

Pipa la pili la ngazi, matunda ya michikichi, lilikuwa linachemka Scovia alipomwachia baba yake mti wa kukorogea akaenda kunawa. Alisugua mikono kwa sabuni mara tatu, lakini wekundu wa mawese ulibaki chini ya kucha.

"Achana na hizo kucha," Melkiades akasema kutoka ndani ya moshi. "Mutu mwenye ndege hawezi kuangalia kucha."

"Wanaangalia, baba. Kila kitu wanaangalia."

Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa hiyo: kukoroga mawese ya baba yake nyuma ya soko la Rumonge. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kambi ya wakimbizi Tanzania, mwenye alama nzuri za hesabu. Kanisa lilimpa nafasi ya kusoma, akapelekwa Afrika Kusini kwenye chuo cha urubani. Alirudi Burundi na leseni mbili, ya kurusha ndege na ya kufundisha wengine kurusha, pamoja na daftari lenye saa mia tatu na kumi na mbili za angani. Aliandika barua Bujumbura, Kigali, Dar es Salaam na Nairobi. Wengine walitaka saa mia tano, wengine elfu moja. Mmoja alimjibu kwa upole kwamba atafute uzoefu kwanza. Hakusema unapatikana wapi. Sasa leseni ya kufundisha ilikuwa imebakiza miezi mitatu kuisha.

Ndipo akasikia habari za Olivier. Olivier alikuwa mfanyabiashara wa saruji na mafuta ya mawese, na alikuwa amenunua ndege ya viti viwili. Alisawazisha uwanja wa udongo kando ya ziwa, kwenye barabara ya Magara, akasema anaanzisha shule. Mwalimu wa zamani wa Scovia alikuwa amemwonya: kazi ya kwanza usiulize mshahara kabla ya kuuliza nani anatengeneza ndege, na nani ana neno la mwisho hali ya hewa ikiwa mbaya. Aliyauliza yote mawili. Olivier akajibu bila kusita kwamba kuna fundi kutoka Bujumbura, na kwamba neno la mwisho ni la mwalimu. Kontra ya kazi ilikuwa kurasa tatu. Waliitia saini Ijumaa. Leo ilikuwa siku ya mwanafunzi wa kwanza.

Alikwenda kwa miguu. Kwa siku kumi na moja esanse, yaani petroli, haikuwa imefika Rumonge, na barabara ya Bujumbura ilikuwa tupu kama siku ya kura. Unga ulikuwa umepanda mara mbili kwa wiki hiyo. Wanawake walipita na mizigo ya samaki kichwani, samaki waliokwisha kuanza kunuka, kwa sababu hakukuwa na gari la kuwapeleka mjini.

Uwanjani aliikagua ndege mwenyewe. Alishika kila bawaba, akapitisha kidole kwenye kingo za propela, akafungua kifuniko cha injini. Kila kitu kilikuwa sawa. Ilikuwa ndege nzuri kuliko nyingi alizofundishiwa. Tenki tu ndilo lilikuwa tupu.

"Hiyo si shida," Olivier akasema. "Injini yake inakunywa esanse ya kawaida, ya magari. Sitasyo ya mafuta wamepata kidogo asubuhi hii, wamenitunzia. Uende na Mulamba, mamuzeli, uangalie kama iko safi. Shefu anafika saa nne."

Shefu alikuwa ndiye mwanafunzi. Aliitwa Leonidasi, mkubwa mmoja ambaye hata Olivier alilitaja jina lake kwa sauti ya chini.

Mulamba, dereva, aliweka bido nne, madumu ya plastiki, nyuma ya pikapu, na Scovia akakaa mbele kando yake. Foleni waliiona kabla ya kuiona sitasyo. Ilianzia kwenye duka la dawa ikapinda hadi pampu: mabasi madogo, pikipiki zilizolazwa chini, na mamia ya watu waliokalia bido zao. Wengine walikuwa wamelala hapo siku nne. Mulamba alipiga honi, akapita pembeni ya wote, mpaka kwenye pampu. Polisi wawili walifungua kamba, wakaifunga nyuma yao.

Mara ya kwanza watu walinung'unika tu. Kisha mtu wa pampu akaanza kujaza bido ya pili, wakasimama.

"Mukae chini," polisi mmoja akasema. "Hii ni ya ambulansi. Iko wagonjwa."

"Ambulansi gani? Hii gari ya saruji tunaijua."

Kati ya waliosimama mbele Scovia alimwona Lukeba. Alikuwa mvuvi kutoka upande wa Kongo, na yeye na mkewe Benita walipanga chumba ukuta mmoja na kwao. Mtumbwi wake wa injini ulikuwa umelala mchangani tangu esanse ilipokatika. Lukeba naye alimwona Scovia, uso wake ukafunguka.

"Iko mwalimu wa ndege," akawaambia wenzake. "Ule ni mutoto wa Melkiades, hawezi kudanganya." Akasogea mpaka dirishani. "Mwalimu, amahoro. Utuambie tu. Hii esanse inaenda kwa wagonjwa? Kama ni ya wagonjwa, tutakaa."

Watu walimsubiri. Scovia alimtazama polisi, akamtazama Mulamba, ambaye alikuwa anatazama mbele. Aliwaza leseni. Aliwaza miezi mitatu. Neno lilikuwa fupi, lakini halikutoka.

"Mwalimu," Lukeba akarudia, taratibu. "Ninakuuliza."

Scovia akageuza uso.

Lukeba alitikisa kichwa. Akazunguka, akaenda kusimama mbele ya pikapu, viganja viwili juu ya boneti. "Basi haiendi," akasema.

Polisi hakumwonya. Alimpiga kitako cha bunduki mdomoni, na Lukeba alipoinama akampiga tena kisogoni. Lukeba akaanguka mbele ya gurudumu. Jiwe la kwanza lilivunja taa. La pili lilipasua kioo cha mbele, vipande vikamrukia Scovia usoni. Mtu mmoja aliivuta bido moja kutoka nyuma. Polisi wa pili akampiga rungu mkononi mpaka mkono ukakunjika mahali pasipo na kiungo. Wanawake walikuwa wanakimbia, na wanaume walikuwa wanapanda juu ya gari.

"Kuna mtu chini," Scovia akasema. "Mulamba, yuko chini. Rudi nyuma."

Mulamba aliingiza gia ya kwanza. Gari lilipanda juu ya kitu, likashuka. Scovia alisikia mfupa kabla ya kusikia sauti ya Lukeba. Alivuta breki ya mkono. Mulamba akampiga kwa nyuma ya ngumi, kichwa chake kikagonga mlango.

"Wataniua mimi, si wewe," Mulamba akasema. Alikuwa analia. Hakusimama mpaka uwanjani.

Bido tatu zilikuwa zimebaki. Olivier alizihesabu kwanza, ndipo akatazama kioo, kisha Scovia.

"Uko na damu. Unawe. Shefu amefika."

"Patroni, tumemkanyaga mtu. Ni jirani yangu. Tupeleke gari, tumchukue hospitali."

"Wale wako pale mia tatu. Watamubeba." Alishusha sauti. "Unisikilize, mwanangu. Leo ukikosa kuruka, hakuna shule. Hakuna shule, hakuna kazi. Mutu amekwisha kuvunjika, hutamuunga ukiwa chini."

Scovia alinawa kwenye ndoo. Maji yakawa mekundu. Alitoa vipande viwili vya kioo kwenye shavu, akaichuja esanse, akaitazama kwenye chupa dhidi ya jua. Ilikuwa safi. Akaimimina kwenye tenki, mikono haikutetemeka. Baadaye jambo hilo ndilo lilimuumiza zaidi: kwamba mikono haikutetemeka.

Leonidasi alikuwa mtu mnene mwenye miwani ya jua na viatu vipya. Hakuuliza habari ya shavu. Scovia alimfunga mkanda, akamweleza usukani, kanyagio na saa ya mwendo.

"Jambo moja ni la lazima, shefu. Usukani tunao wawili, wa kwako na wa kwangu. Nikisema 'naushika', unaachia hapo hapo. Hatubishani hewani."

"Mimi siyo mutoto wa shule."

"Najua. Lakini unaachia."

Waliruka. Ardhi ilipowaachia, Scovia alihisi kifua chake kinafunguka kama hakikuwa chake. Kwa miaka miwili alikuwa ameota sauti ile. Ziwa lilitandazwa kushoto, milima ya Kongo ng'ambo, michikichi ikawa nyota za kijani chini yao. Kwa dakika ishirini alifundisha vizuri. Leonidasi alijifunza kwenda moja kwa moja, akajifunza kugeuka kulia na kushoto. Scovia alimsifu alipostahili kusifiwa. Kwa dakika ishirini alikuwa na kazi.

Kisha mji ukatokea mbele yao. Foleni ilionekana wazi, bado imepinda pale pale. Moshi mweusi ulipanda karibu na pampu. Walikuwa wamechoma matairi.

"Ndio hao wanarusha mawe?" Leonidasi akauliza.

"Tunageuka kulia sasa, shefu. Kurudi uwanjani."

"Hapana. Tushuke. Niwapitie juu ya kichwa, wajifunze kulala chini."

"Haturuhusiwi kushuka juu ya watu."

Leonidasi alisukuma usukani kwa mikono miwili. Pua ya ndege ikaanguka. Injini ikalia, mshale wa mwendo ukapita kijani, ukaingia njano.

"Naushika," Scovia akasema.

Leonidasi alicheka, akasukuma zaidi.

"Naushika. Achia."

Hakuachia. Mabati yalikuwa yanakua. Scovia aliona watu wananyanyua nyuso, akaona wanaanza kukimbia, mwanamke amedondosha bido. Mshale uligusa nyekundu, mabawa yakaanza kutetema. Akampiga Leonidasi kiwiko puani. Miwani ikapasuka. Mikono ilibaki kwenye usukani, basi akampiga tena, pale pale, kwa nguvu zote za miaka miwili ya kukoroga mapipa, na safari hii mikono ikaenda usoni. Alipunguza injini, akavuta usukani polepole, kwa sababu ukivuta ghafla kwa mwendo ule mabawa hukatika. Ndege ilipita juu ya michikichi ya mwisho, karibu sana hata akaona ngazi zilivyoiva, ikaanza kupanda.

Scovia aliishusha uwanjani. Magurudumu yaliposimama Leonidasi alifungua mkanda, akamshika Scovia nywele, akamvuta nje. Alimpiga makofi mpaka akachoka, kisha akampiga teke la tumbo kwa kile kiatu kipya. Olivier alisimama hatua tano, mikono nyuma. "Shefu," alikuwa anasema. "Shefu, samahani. Shefu."

Saa nane mchana Scovia alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, jicho moja limefumba. Ofisiye alikuwa na poroseverbali, karatasi ya maelezo ya tukio, iliyokwisha kupigwa chapa. Olivier alisimama karibu na meza.

"Nimeongea na shefu," Olivier akamwambia kwa upole. "Amesema anasamehe. Hana mwalimu mwingine, na anataka kujifunza. Utie saini hapa, kesho uje kazini kama kawaida."

Scovia aliisoma. Iliandikwa kwamba Lukeba, raia wa kigeni, mlevi, aliongoza fujo na kujitupa mwenyewe chini ya gari lililokuwa limebeba esanse ya ambulansi. Mashahidi: dereva, na mwalimu wa ndege.

"Lukeba yuko wapi?"

"Hospitali. Mguu watakata," ofisiye akasema. "Akipona atarudishwa kwao."

Mlango ulikuwa wazi. Benita, mke wa Lukeba, alikuwa amesimama kwenye varanda na kitenge chenye damu iliyokauka. Alikuwa hapo tangu saa sita. Hakuna aliyemkubalia kuingia.

"Scovia," akaita. "Bananiambia ulikuwa mu gari. Nani alimukanyaga bwana yangu?"

"Mama, toka hapo," ofisiye akasema. Kisha, kwa Scovia: "Saini."

Scovia aliirudisha karatasi mezani.

"Andika upya," akasema. "Jina, Scovia. Kazi, mkufunzi wa urubani."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Ofisiye akachukua kalamu, labda kwa mazoea tu. Scovia akaanza. Alisema esanse ilikuwa ya ndege, wala hakukuwa na ambulansi. Alitaja aliyewatuma kuichukua, na aliyekuja kuitumia kuruka. Alisema Mulamba ndiye aliyeendesha, na polisi ndiye aliyemwangusha Lukeba mbele ya gurudumu. Kalamu ilikuwa imesimama tangu sentensi ya kwanza. Alisema pia kwamba Lukeba alimuuliza yeye mara mbili, mbele ya watu wote, na yeye akageuza uso.

Olivier alichukua kontra kutoka mfukoni, akaichana katikati, akaondoka bila kuaga. Ofisiye alizunguka meza. Akampiga kofi upande wa jicho lililofumba, na Scovia akaanguka kutoka kwenye benchi.

"Umemaliza?"

Alishika ukingo wa benchi, akainuka, akakaa. Kinywa kilijaa damu, akaitema sakafuni. Hakumtazama ofisiye wala karatasi. Alimtazama Benita pale mlangoni, akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti ya juu zaidi, neno moja moja, ili lisimpite hata moja.