Kamba Zilizolala na Betri

Uligeuza uso. Usinikatalie, nilikuona. Siku Fundi Rangi alipoanguka kutoka ghorofa za juu wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara na mfuko wako wa mikate. Ukasema "masikini," ukamziba mtoto macho, ukaongeza mwendo. Baadaye ukasikia kwamba alipatwa na kizunguzungu, ukaridhika. Kizunguzungu! Mtu aliyeanza kuning'inia kwenye kamba kabla hajaota ndevu, anayesinzia mchana amekaa kwenye ukingo wa paa kama yuko kwenye kochi, leo ndiyo aone kizunguzungu? Lakini neno lile lilikufaa. Lilikuruhusu umalizie chai yako.

Mimi sikuridhika. Nilikuwa nafanya naye kazi, tukiosha vioo na kupaka rangi kuta za majengo marefu, tumeanikwa huko juu kama nguo. Nikauliza kamba zake ziko wapi tuzitazame. Nikaambiwa zimetupwa. Nikauliza zimetupwa na nani, jalala gani, kwa haraka ya nini. Na mimi nikatupwa. Ndivyo nilivyoishia kwenye kibanda cha kuchaji betri za magari, na ndiyo maana suruali zangu zote kuanzia gotini kwenda chini ni chujio. Maji ya betri hayana adabu. Tone likidondokea nguo ya pamba huoni kitu, unarudi nyumbani unapiga mluzi. Siku unaifua ndiyo inakuachia mkononi.

Sasa sikiliza, na safari hii usitazame pembeni.

Mdogo wangu wa kike ameolewa na Popo. Jina alilopewa na wazazi wake analo, ila hakuna anayelitumia. Tunamwita Popo kwa sababu kwenye kamba anaweza kugeuka kichwa chini, miguu juu, na bado akabishana mambo ya mpira na mtu aliye dirishani. Yeye ndiye aliyebaki kwenye kikosi chetu cha zamani, chini ya msimamizi yule yule tuliyempachika jina la Kipaza kwa sababu akinong'ona wanasikia mtaa wa pili.

Asubuhi moja mdogo wangu akaja kibandani kwangu na shati la mume wake mkononi, linachuruzika maji.

"Kaka, niazime mtego wako."

"Mtego wa nini?"

"Wa panya. Hebu tazama walivyomfanyia shemeji yako." Akalikunjua shati. Mgongo mzima ulikuwa matundu, na vidole vyake vilipita vikanipungia kutoka upande wa pili. "Nimeliloweka zima, nimelitoa hivi. Hata kusugua sijasugua."

"Lilikuwa wapi kabla ya kuloweka?"

"Kazini. Alilisahau kule juu ya mfuko wa kamba, likakaa wee, mpaka nilipompigia kelele."

"Na huo mfuko wanauweka wapi siku hizi?"

"Si chumba kile kipya walichopewa, chenye betri za jengo. Popo anajisifu nacho utadhani amejenga yeye. Eti pakavu, pana kufuli, hata panya hawai..."

Akalitazama tena lile shati. Alijisikia mwenyewe.

Ngoja nikueleze, maana najua hujawahi kuingia humo. Jengo refu lina betri zake, kubwa kama masanduku, zimepangwa sakafuni, kazi yake ni kuwasha taa za ngazi umeme ukikatika. Zikichajiwa zinachemka na kutema. Zikijazwa kupita kiasi zinamwaga. Sakafu inalowa, inakauka, inalowa tena, na aliyezijaza anafunga mlango anaenda zake. Sasa wale vijana wa kamba wana hofu zao za siku zote: mwizi, jua, vumbi, na panya, ambao waliwahi kuwatafunia kamba kwenye banda la mafagio. Mtunza jengo akawaonea huruma, akawapa chumba cha betri. Wakashukuru. Wakaona wamezihamishia kamba zao ikulu. Kwamba hata panya wamepakimbia, wao waliona ni sifa ya chumba.

Kamba zenyewe ni za nailoni. Nailoni ikinywa maji ya betri haitoboki kama shati. Haibadiliki rangi, haitoi manyoya. Inabaki nyeupe, laini, inakutazama usoni, na ndani imekwisha. Unaijua siku imekubeba.

"Mpigie," nikamwambia.

"Simu zinaachwa chini. Wakipanda paani hawana simu, tangu mmoja alipoangusha yake juu ya gari la mtu."

Niliacha betri za watu zinachaji, nikaacha kibanda wazi. Tulikimbia. Mimi mbele, yeye nyuma na shati lake, ndara moja mguuni na nyingine mkononi. Watu walitupisha wakidhani tunamfukuza mwizi, na mmoja akaanza kukimbia pamoja nasi bila kuuliza.

Getini mlinzi akanitambua. Walinzi wa majengo yote wananitambua.

"Wewe tena? Leo unagomesha nani?"

"Nipishe, kuna mtu anakufa."

"Kila ukija hapa kuna mtu anakufa. Dada apite, wewe kaa huko huko."

"Nampelekea mume wangu shati," mdogo wangu akasema huku ameshapita.

"Hilo shati au wavu?" mlinzi akamuuliza mgongo.

Sikungoja. Nikazunguka jengo kwa upande wa barabarani, na nikaziona. Walikuwa wameshazishusha. Kamba mbili, kutoka paani mpaka kwenye lami, mikia yake, yenye uzi mwekundu wa Popo, imejikunja chini kwa utulivu kabisa. Mbili, kwa sababu moja inabeba na ya pili inasubiri kukudaka ya kwanza ikikosea. Hiyo ndiyo fahari ya kazi ile: ziko mbili. Na zote mbili zilikuwa zimelala kwenye mfuko mmoja.

Nikainua kichwa. Kofia ya Popo ilikuwa ukingoni, na mguu wake mmoja umeshatafuta ukuta.

Mtu wa kamba hushuka kwa chuma kinachobana kamba mbele ya tumbo lake. Kamba ikiwa huru chini, chuma kinateleza. Ikikazwa na mtu aliye chini, chuma hakiendi popote. Nilizikusanya zile kamba, nikajizungushia zote mbili kiunoni, nikakaa chini kwenye lami, nikakanyaga ukuta kwa miguu.

"Nani huyo?" sauti ikatoka juu. "Achia kamba!"

"Ni mimi, shemeji! Rudi ndani!"

"Shem? Umelewa asubuhi yote hii?"

"Kamba zimelala na betri!"

"Na mimi nalala na dada yako, mbona sijafa? Achia!"

Watu walicheka. Walikuwa wameshaanza kujaa, na simu zao juu. Nilimwona mmoja aliyenipiga picha kwa upande huu, akahama kutafuta upande wenye mwanga mzuri. Kuuliza hakuuliza. Nyuma ya vioo, ghorofa baada ya ghorofa, waliokuwa wanasubiri kuoshewa madirisha wakachungulia, kisha mmoja akashusha pazia. Ndiyo, wewe.

Kipaza akatoka mlango wa mbele anafoka kabla hajaniona.

"Nilijua! Nilisema, huyu mtu hajamaliza na mimi! Toka kwenye vifaa vyangu!"

"Umezipima hizi kamba?"

"Nimezipima? Watu wawili wamejifunga, wamerukaruka paani mpaka vumbi likatoka. Zimekatika? Mbona unazikalia basi?"

Najua wanavyopima, nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Kila asubuhi wawili wazito wanajifunga karibu na fundo, wanaruka kwa pamoja, wanaita kuamsha kamba. Ikivumilia, wanasema imeamka, wanaishusha.

"Mmeamsha kipande cha pale penye fundo," nikamwambia. "Na chote hiki kilichobaki mpaka hapa chini, nani amekiamsha?"

Alifungua mdomo, na hapo ndipo mlango ukafunguka tena.

Alikuwa mdogo wangu. Shati hakuwa nalo. Alikuwa ameubeba mfuko wa kamba, ule wa turubai, mtupu, na mkono wake wote mpaka kwenye kiwiko umetokeza kwa chini kama mtu aliyevaa mkono wa koti. Nyuma yake Popo, vyuma vya mkanda wake wa kushukia vinagongana, uso umevimba kwa hasira.

"Wewe na kaka yako mnanifanya niwe kichekesho," Popo alikuwa anasema. "Mtu mzima nafuatwa paani na mke..."

"Niliuinua tu nikuonyeshe," akamkata. "Nimeuinua hivi, mkono ukapitiliza. Shika. Mimi mshamba wa kamba, shika wewe unayezijua."

Popo akaushika mfuko. Alipoubana kwa vidole viwili turubai likameguka kama mkate uliolowa kwenye chai. Akabana pengine. Likameguka. Hasira ikamtoka usoni, na pale ilipotoka hapakubaki kitu.

"Mfuko ni mfuko," Kipaza akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya kawaida. "Turubai la pamba, limezeeka. Kamba ni kamba. Nionyesheni palipoharibika."

Tuliinama sote. Popo alianza na mkia wa kwanza, mimi wa pili, tukazipitisha vidoleni kidogo kidogo, tukazikunja, tukazinusa. Nakwambia kama ilivyokuwa, maana wao hawatakwambia: sikuona kitu. Si doa, si uzi uliochomoza. Kamba nzuri, nyeupe, ungeifungia zawadi.

Kipaza akacheka. "Basi ni nzima. Popo, panda juu, tumechelewa."

Popo akageuka. Alitazama ukuta. Nusu yake ilikuwa inang'aa, kazi ya mikono yake, nusu bado ina vumbi. Mke wake alikuwa amekumbatia ule mfuko uliooza na macho yake hayakumtoka mumewe, na mimi nilikuwa bado nimejifunga zile kamba kiunoni, nikijua kwamba ikiwa atapanda sitaweza kukaa pale mpaka jioni.

Taratibu Popo akafungua vifungo vya mapajani, akafungua cha kifuani, akauvua mkanda wote na kumnyooshea msimamizi.

"Vaa wewe, bosi."

"Unasemaje?"

"Si ni nzima? Vaa, anza wewe. Ukifika hapa chini salama, mimi nitashuka nayo huku nacheza."

Nilimtazama Kipaza machoni. Alizitazama kamba kutoka chini kwenda juu, mpaka zilipopotea paani. Mikono yake ilibaki mifukoni. Mkanda ukakaa hewani kati yao hadi Popo alipouachia, ukaanguka.

"Wapo wengi wanaoutaka huu," Kipaza akasema. Akauokota, akaupangusa. "Kesho usije."

Nilitoa kisu changu cha kumenyea nyaya. Nilikuwa nimeshaiweka kamba ya kwanza kwenye makali wakati mlinzi aliponipinda mkono, na mwingine akanifungua kiunoni kama mzigo. Waliokuwa paani wakavuta. Niliziona kamba zote mbili zinapanda ukutani, nzima, mpaka mikia ikaruka ukingo na kuzama.

Njiani Popo alitangulia mbele. Tulipofika kwenye kona ya kibanda changu akasimama.

"Umenikosesha kazi, shem."

"Najua."

"Fundi Rangi," akasema. "Zake zilikuwa zinalala wapi?"

Sote tuliuliza kama alikula, kama alikunywa, kama aligombana na mke wake. Hakuna aliyeuliza kamba zililala wapi.

Tangu siku hiyo hatujakaa. Mtunza jengo alimwambia Popo kwamba Kipaza amezitia kamba zile kwenye mfuko mpya na kuondoka nazo, amepata jengo jingine, na amechukua watu wapya wasiotujua. Jengo lipi, hakusema. Tunazunguka, mimi mtaa huu, Popo ule, mdogo wangu upande wa maofisi, vichwa juu mpaka shingo zinauma. Tunafukuzwa getini, tunahamia lingine. Tuko watatu, na majengo yanayong'arishwa ni mengi kuliko miguu yetu.

Kwa hiyo sasa ni wewe. Nimeshakuambia zinavyofanana: nyeupe, laini, hazina kosa. Popo alizifunga uzi mwekundu kwenye mikia, lakini usingoje uzi mwekundu. Kamba yoyote iliyoshuka mbele ya dirisha lako leo, nenda kwa anayeisimamia, muulize imelala wapi, na imelala na nini. Akisema imepimwa, muulize kipande gani. Akikuita mwendawazimu, kubali, halafu muulize tena. Kama yule mtu yuko bado paani, ishike mikia yote miwili, kaa chini, usiachie hata wakikupiga picha. Kama ameshavuka ukingo, usiiguse. Panda ngazi, piga kelele, wamfungie nyingine iliyolala kwingine wamtoe.

Usiniambie utaniunga mkono. Usiniambie inasikitisha. Mtu fulani anafunga vifungo vya mapajani sasa hivi, na anacheka. Inuka. Fungua mlango. Toka.