Palipokuwa na Pipa

…tena amefunga mafundo mawili, la pili la kipepeo, kama mtu anayefunga zawadi, na Menna aliutazama ule mfuko mweusi wa kinyesi cha mbwa uliobanwa kwenye meno ya koleo lake refu la kuokotea taka akahisi damu ikimpanda kichwani, maana mtu aliyeinama, akazoa, akafunga, akakaza na fundo la pili, huyo kazi yote ya kutia kinyaa ameshaimaliza, kilichobaki ni kubeba tu, na hapo ndipo alipoona uzito, akauacha juu ya ukuta wa mteremko wa mashua akaenda zake na mbwa wake, na kule alikuwa, mbali kwenye ukingo wa maji, mgongo ameupa kijiji, koti la kijani, Gethin, Gethin mume wa Nerys, mtu aliyemjua kwa miaka arobaini, na kumbe ndiye… yaani ndiye yeye. Mkono mmoja koleo, mkono mwingine simu, na ndani ya simu picha aliyoipiga dakika tano zilizopita kutoka chini kwenye miamba, Gethin na mfuko na ukuta, vyote vinaonekana, hata kifungo kilichokatika kwenye koti, na kidole gumba cha Menna kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, kwenye kundi la kijiji, watu mia nne na kumi na wawili, kubonyeza tu, na kufikia saa sita mchana hakuna atakayemsalimu, kama walivyomfanyia yule mpangaji wa nyumba ya njano mwaka jana kwa sababu ya chupa zake, mpaka akahama, na Menna hakumhurumia, hapana, na leo pia hatamhurumia mtu, kwa nini amhurumie…

Nyuma yake Heulwen, mwenye kibanda cha chai, alikuwa akisema jambo kupitia kidirisha chake, habari za maziwa, lori la maziwa limechelewa tena, Menna akaitikia "ehe" bila kugeuka, maana hasira ilikuwa imeshamchukua, akili gani hii, hebu mtu amweleze, kinyesi peke yake ni uchafu, sawa, lakini mvua mbili tatu kimekwisha, ila wewe unakichukua unakitia kwenye plastiki, unakihifadhi, unakiwekea maisha marefu kuliko ya wajukuu zako, halafu unaliachia wimbi, na wimbi linachukua, linarudisha, linachanachana, vinabaki vipande vyeusi kwenye mwani, na Agosti ile Lowri, binti wa mpwa wake, miaka sita, akikimbia pekupeku akicheka akaukanyaga mmoja uliojaa, ukapasuka kati ya vidole, na jinsi alivyosimama kwa mguu mmoja bila kulia kwanza, anamtazama tu Menna, eti aambiwe ni nini kile… na wiki ile ile ubao mwekundu ukasimamishwa, maji yamepimwa, ni machafu, msioge, mwezi wa Agosti, kijiji kinachoishi kwa pesa za wanaokuja kuoga baharini, msioge. Miaka kumi na miwili anaokota, kila Jumanne na Ijumaa, vifuniko vya chupa, vipande vya kamba za nyavu, vijiti vya masikio, vitambaa vya kufutia watoto ambavyo haviozi ng'o, mgongo umemwisha, na kwenye kamati ya kijiji kila mara wimbo ule ule, wageni, ni wageni, sasa wageni gani Novemba, nyumba za magurudumu za wageni zote zimefungwa tangu mwezi jana, hakuna hapa ila shakwe na wenyeji, na yeye mwenyewe alisimama mbele ya kamati na daftari lake akawasomea, chupa zimepungua, kamba zimepungua, mifuko ya mbwa imeongezeka mara sita tangu mwezi wa Mei, akasema, anayakumbuka maneno yake, tangu Mei watu wa kijiji hiki wamepotoka, na wote wakatikisa vichwa, na Gethin alikuwepo, amekaa nyuma karibu na mlango, akatikisa kichwa pia, mnafiki mkubwa…

"…tangu Nerys atutoke anamtembeza mbwa mwenyewe, maskini, na ile nyonga yake," Heulwen alikuwa akisema, "kupanda zile ngazi mpaka kule kwenye pipa la taka la kanisani si mchezo, mimi mwenyewe nazipanda nikitweta," na Menna alitaka kumjibu kwamba nyonga haijafunga mikono, nyonga haimzuii mtu kutia mfuko mfukoni mwa koti akaupeleka nyumbani, wapo wanaofanya hivyo na hawajafa, lakini jina la Nerys lilikuwa limeshaingia, na likija jina la Nerys huja na jiko lake, na jokofu, na ile karatasi juu ya jokofu ambayo Menna aliiona alipompelekea Gethin supu wiki ya mazishi, mwisho wa Februari, karatasi aliyoiandika Nerys hospitalini kwa mwandiko ulioanza kuteleza, mambo yote ambayo mume huyo hakuwahi kuyafanya maisha yake yote, jiko la makaa linawashwaje, dawa ya macho ya mbwa iko wapi, Alhamisi ni siku ya mashuka, na chini kabisa, mbwa: mfuko, mafundo mawili, pipa lililo chini ya mteremko, kushoto… na Menna akashusha macho, hakutaka kuyashusha lakini yalishuka, akaangalia pale alipouokota mfuko, chini ya mteremko, kushoto, juu ya ukuta, na chini ya ukuta kwenye saruji kulikuwa na bolti nne zenye kutu, na duara la saruji nyeupe kuliko nyingine. Ana macho, anaona hakuna pipa, alijiambia haraka, si mtoto yule, anaona. Anaona, ndiyo. Na bado anauweka pale pale alipoambiwa.

"Mimi siku ile walipoling'oa lile pipa la hapa nilijua tu," Heulwen alisema, na sasa Menna alisikia kila neno, "Aprili ile, baada ya Pasaka. Nikamuuliza yule fundi wa halmashauri, mbona? Akasema wameandikiwa barua. Mtu wa hapa hapa, mwenzangu. Ningemjua, ningemrundikia mifuko yote mlangoni kwake."

Aprili, na mifuko imeanza Mei, na daftari lilikuwa limemwambia hivyo wazi, mwezi chini ya mwezi, kwa mwandiko wake mwenyewe, naye alilisoma kwa sauti mbele ya watu bila kulisikia… kwa sababu dada yake Eluned alikuja kutoka mjini Cardiff kwa Pasaka, akakaa kwenye meza ya kifungua kinywa akakunja pua, eti harufu gani hii, Menna, unaishije hapa, na Menna akaona aibu, mwanamke mzima akaonea aibu upepo wa baharini, na dada yake alipoondoka akakaa na karatasi ya kamati, akaiandikia halmashauri kuhusu pipa, akaandika inzi, akaandika shakwe, akaandika afya ya umma, wala hakukuwa na inzi mwezi ule, baridi ile inzi wangetoka wapi, akatia sahihi kwa niaba ya kamati ambayo hakuiuliza, na halmashauri ile ile iliyochukua miaka mitatu kubadilisha taa moja ikaja siku ya tisa na spana. Alifurahi. Alikunywa chai dirishani akiwaangalia wakilipakia. Kisha akasahau, au hakusahau, akaliweka tu mahali ambapo hapiti, na akanunua koleo jipya. Basi na mguu wa Lowri… usiseme. Basi na ubao mwekundu… siyo mifuko peke yake, mvua pia, mashamba kule juu, ng'ombe, mambo mengi, watu wa maji walisema mambo mengi, lakini hata yeye aliusikia udhaifu wa utetezi huo, ulikuwa utetezi wa kikamati. Hasira haikupungua hata kidogo, hilo lilimshangaza, ilikuwa ile ile na moto ule ule, ila ilikuwa imehama nyumba, na Menna aliona aibu kiasi cha kutamani maji yajae mara moja yamfunike na koleo lake.

Kule mbali Gethin alikuwa bado amesimama, mbwa bado ananusa mwani ule ule, hakuna aliyepiga hatua, na kidole gumba kilikuwa bado juu ya kitufe kikianza kufa ganzi kwa baridi. Aliitazama tena picha, ili asiutazame uso wa Heulwen, akamtazama Gethin aliyeinamia ukuta akiuweka mfuko taratibu kwa mikono miwili, asiuangushe, na juu ya bega la Gethin, kitu ambacho hakukiona alipoipiga kwa kuwa alikuwa anamtafuta mkosaji, lilikuwepo dirisha la jikoni kwake mwenyewe, na pazia lake jeupe, limefunguliwa wazi kuingiza hewa safi.

"Umemnasa mmoja, siyo?" Heulwen alikuwa ametoa nusu ya mwili kidirishani, na sauti yake ilikuwa na hamu. "Hebu nione. Ni nani?"

Ni mimi, Menna alisema moyoni, akilijaribu kwanza huko ndani ambako hakuna mtu, na lilikuwa chungu, akalijaribu tena, kisha akamgeukia Heulwen na kufungua mdomo.