Mti Mbichi Hautoki Getini

"Shusha."

"Haushuki."

"Mama, usinitafutie kesi asubuhi yote hii. Shusha mzigo, upite zako."

"Nimekwambia haushuki. Umeota. Njoo uvute mwenyewe kama una mikono."

Zerihun, mlinzi wa geti la hifadhi ya mlima, akaja akavuta. Mzigo wa kuni haukusogea. Mizizi ilikuwa imetoboa shuka na sweta, ikaingia kwenye mabega ya Wubit, na juu ya kichwa chake mkaratusi ulikuwa umeshatoa majani na bado unapanda. Alfajiri zilikuwa fito kavu tu, alizookota chini ya waya wa uzio. Alikaa kidogo kwenye ukungu apumzike, akainuka na mti.

"Kweli umeota," Zerihun akasema. Hakupenda. "Sasa umeniharibia kazi. Kuni kavu ningekunyang'anya tu, ukaenda. Mti mbichi hautoki hapa."

"Mama yako alikulea kwa kuni za mlima huu huu."

"Mama yangu aliacha."

"Aliacha kwa sababu alikufa. Fungua geti."

Wubit hakuwa na muda wa kusimama. Usiku binti yake Seblewongel alikuwa amejifungua mtoto wa kike, kule chini kwenye mtaa wa wafumaji, na mchana majirani wangekuja kula genfo, ule ugali mzito wa shayiri unaochimbwa shimo katikati likajazwa siagi na pilipili. Genfo ya uzazi hupikwa na bibi wa mtoto. Wanaume hawasogei. Unga ulikuwepo, siagi ilikuwepo. Kuni ndizo zilikosekana, na hazikuwahi kukosekana Addis Ababa yote hii kabla mlima haujazungushiwa waya ili wageni waje kupanda farasi.

Meneja aliitwa. Alikuwa mwanamke anaitwa Hirut, viatu vyake vyeupe, na alimzunguka Wubit kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

"Kukata mti hai ni kosa," akasema. "Kuutoa nje ni kosa. Lakini wewe mama huna tatizo, wewe unaweza kwenda. Mti ubaki."

"Niende bila mgongo?"

"Hilo lako. Sheria haisemi habari za mgongo."

Akaagiza Wubit asogezwe pembeni, asizibe njia, maana kulikuwa na kundi linakuja.

Kundi likaja na Nebiyu, kijana anayetembeza wageni, mtu wa meno mengi. Jana walikuwa wametembezwa makumbusho na makanisa, leo ni mlima: farasi, baiskeli, na ile kamba ya kuning'inia unateleza juu ya bonde unapiga kelele. Jua lilikuwa kali na kivuli cha karibu kilikuwa cha Wubit. Wakakaa chini yake, wakavua viatu. Mmoja akafunga kitanda cha kamba, upande mmoja kwenye nguzo ya geti, upande wa pili kwenye tawi la Wubit, akajilaza. Wubit akatanua miguu ili asivutwe akaanguka.

"Jitikise uone," Zerihun akamwonya.

Nebiyu akasogea. "Mama, hujambo. Wanauliza chakula chenyewe cha huku ni kipi. Kile cha nyumbani, siyo cha hotelini."

Wubit alidhani akiwaambia wataona aibu.

"Waambie ni genfo. Waambie inatakiwa ipikwe leo kwangu, mjukuu wangu amezaliwa, na mimi ndiye wa kukoroga, na wao wamenilalia hapa kama mbwa."

Nebiyu akafasiri mpaka pale penye mjukuu, akaishia hapo. Wageni wakafurahi sana. Wakafungua kitanda cha kamba, wakaanza kuvaa viatu.

"Wanataka kwenda," Nebiyu akasema.

"Wapi?"

"Kwako. Na usijali kuni, gari letu lina jiko la gesi."

"Pale haingii mwanamume. Na kwangu hupajui."

"Mimi napajua," Zerihun akasema. Akanyoosha rungu lake kuelekea chini. "Shuka mpaka bombani, nyumba ya bati jekundu." Utotoni alikula pale karibu kila siku.

Geti likafunguliwa, kundi likapita, geti likafungwa.

Wubit akangoja kama saa moja, kisha akatoa simu kifuani akapiga.

"Mama, uko wapi?" Seblewongel akauliza. "Nyumba imejaa watu siwajui."

"Niko getini. Majirani je?"

"Wamesimama nje. Hakuna pa kukaa."

"Nani anakoroga?"

"Jamaa mmoja mrefu, ana kaptula. Mabonge matupu, mama."

"Mwambie unga autie kidogo kidogo. Na mwiko asiuache hata kidogo, itaungua."

Akasikia binti yake akiyasema, akasikia Nebiyu akifasiri, akasikia watu wakipiga makofi.

"Na mtoto?"

"Wanapokezana. Wanapiga picha."

"Mchukue umlaze."

"Nimewaambia. Nebiyu anasema bado wawili tu."

Simu ikakatika. Hirut alikuwa amerudi na kibao cha chuma chenye namba, na nyundo. Akakigongelea kwenye shina, nyuma ya shingo ya Wubit, misumari miwili.

"Utasimama hapa hapa," akasema. "Wamekupenda. Kesho kuna kundi jingine."

"Nitakula nini?"

Hirut akafikiri kidogo, kwa nia njema kabisa. "Miti hatuipangii chakula."

Wubit akamtazama, akamtazama na Zerihun anayekagua kufuli ambayo alishaikagua. Kisha akageuka, polepole kwa sababu ya matawi, akaanza kupanda kuelekea juu, ambako hakuna geti.