Simu ya Mustafa na Uso wa Ng'ambo

Mdogo wangu Mustafa alipofika Kitaya na simu yake mpya, aliifuta kwanza kwa upindo wa kanga ya mama, akailaza mezani kifudifudi ili tuzione kamera zilizo mgongoni, kisha ndipo akakumbuka kutusalimu.

"Dada Zuhura, hii ndiyo simu," akaniambia. "Hizo zenu ni tochi."

Mustafa anauza vipuri vya pikipiki Magomeni, mjini, na simu aliichukua dukani kwa muuza simu mmoja, Tasneem, toleo kubwa kuliko yote ya mwaka huu. Sifa zake alizisoma kama mwenye kuposa. Kioo kinasomeka juani. Chaji inatoka asubuhi mpaka asubuhi. Haiogopi maji, inapiga picha gizani, na kitu cha mbali inakivuta mpaka kikae puani pako. Kasoro nilizitafuta mwenyewe, maana ndivyo nilivyoumbwa. Nzito, inateleza mkononi kama kambare, na kamera zake zimetuna hivi kwamba ukiilaza mezani inayumba. Tena ilipofika kwetu mtoni ikadaka mtandao wa Msumbiji na kurudi nyuma saa nzima, Mustafa akashikilia kuwa mchana bado huku adhana ya adhuhuri tumeshaisikia sote. Kizuri hakikosi ila, nikamwambia, akanuna.

Mama yetu, Bi Somoe, aliuliza jambo moja tu.

"Inaona ng'ambo?"

Ng'ambo ya Ruvuma ndiko alikoolewa dada yake mkubwa, Bi Asha, kabla sijazaliwa. Zamani watu walivuka kwenda harusini na msibani kama anayekwenda uani. Siku hizi kuvuka ni mashaka, na miguu ya mama nayo imegoma, kwa hiyo miaka imepita hawajaonana. Simu iliyokuwa kwa Bi Asha ilikwenda Nampula, ndani kabisa ya Msumbiji, na mjukuu wake. Aliyebaki kuwaunganisha ni Sudi, mchuuzi wa samaki, anayevuka na mtumbwi wake na kurudi na salamu.

Salamu hizo ndizo zilizomtia mama hofu. Zilikuwa tamu. "Bi Asha anakusalimu sana, ni mzima, anakuombea dua." Kila mara maneno yale yale, na Sudi akiyasema hutazama samaki wake. Sasa Bi Asha, tangu kuumbwa kwake, hajawahi kumsalimu mdogo wake bila kumtukana. Utani wao ulikuwa mkali hata baba yetu, Mungu amrehemu, akitoka nje kuucheka. Na huku kwetu mzee haangushiwi habari ya msiba kwa ghafla. Analishwa kidogo kidogo. Leo anaumwa, kesho amezidiwa, mpaka moyo uzoee.

"Nimewafanyia wenzangu," mama alinong'ona, "na mimi sasa nafanyiwa."

Tena alikuwa akimwota. Katika ndoto Bi Asha ameketi ndani ya mto, maji kiunoni, hana uso, anasema neno ambalo mama halisikii. Maji yanapita, mdomo unacheza, sauti hakuna. Mama akiamka hunisimulia kwa upole, kama habari ya kuku aliyetaga, nami huenda jikoni kulia.

Basi tukapatana na Sudi. Ijumaa, baada ya alasiri, atamleta Bi Asha kwenye mchanga wa upande wao, nasi tutamleta mama kwenye mchanga wa upande wetu.

Ilikuwa kiangazi, wakati mashamba ya mikorosho yanasafishwa na kila mtu anachoma majani. Moshi ulikuwa umelala juu ya mto, mwembamba, mweupe. Maji yalipungua hata mchanga ukatokeza migongo katikati, na huwezi kusema mto unaishia wapi na anga inaanzia wapi. Tulimketisha mama kwenye kigoda karibu na maji. Mustafa akatazama huku na huku kuhakikisha hakuna mamba, maana simu yake kwa hilo haina msaada. Ng'ambo paliibuka vidoa viwili, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Kirefu kilikuwa Sudi, kwa kofia yake. Kifupi kikaketi.

Mustafa akainua simu, akavuta, akavuta tena. Kidoa kikawa mwanamke, mwanamke akawa na uso. Akampa mama kioo.

Mama alitazama muda mrefu.

"Huyu si dada yangu," akasema. "Wameniletea mtu."

Uso ule ulikuwa laini kama wa msichana wa matangazo. Bi Asha alichanjwa nembo, chale za usoni, utotoni, siku moja na mama, kwa wembe wa bibi mmoja, na mstari wa shavu lake la kushoto ulikwenda upande kwa kuwa alicheka katikati ya kazi. Mama mwenyewe anazo, mistari mashavuni na nyota ya paji la uso. Kwenye kioo hapakuwa na mstari wala nyota.

"Mama, simu hii haidanganyi," Mustafa akasema. "Ndiyo kubwa kuliko zote."

Nikainyakua simu. Nikampiga mama picha pale pale, kwa umbali wa mkono. Nembo zake zilikuwa zimefutika kama vumbi lililopitishiwa kitambaa, na makunyanzi nayo yamekwenda. Alikuwa mzuri, na hakuwa mama. Niliona hasira ikinipanda mpaka masikioni. Nani aliiambia simu kwamba uso wa mama yangu ni uchafu? Mustafa akahangaika na vitufe, akazima kile cha kulainisha nyuso, na picha ya mama ikarudi na nembo zake. Lakini uso wa ng'ambo ulibaki vile vile, laini.

"Mbali mno," akakiri, sauti imeshuka. "Pale haioni, inakisia."

Basi tukawa hatujui kitu. Yule anaweza kuwa Bi Asha aliyefutwa nembo, anaweza kuwa binti yeyote aliyefunikwa kanga ya marehemu. Mama aliinuka kwenye kigoda, akachuchumaa ukingoni, akalaza viganja vyake viwili juu ya maji.

"Niite kwa sauti?" nikauliza.

"Usiite. Akiwa yeye, ataanza yeye. Mkubwa ndiye huanza."

Hatukuelewa. Tulikaa. Moshi ulisogea, ukaficha ng'ambo, ukaiachia. Ndege mweupe alitembea kwenye mchanga wa kati akichagua pa kukanyaga, na mimi nilitamani kumtupia jiwe, jinsi alivyokuwa hana haraka. Mikono ya mama ilikuwa majini haisemi kitu. Nilimwomba Mungu, na nilichoomba nakisema wazi: kama amekufa, mama asijue leo.

"Anachuchumaa," Mustafa akasema, macho kwenye kioo.

Nikasogea. Kwenye kioo yule mwanamke alikuwa ameinama, mkono juu. Mkono ukashuka, maji yakaruka, na hapakuwa na sauti. Kisha sauti ikafika, imechoka kwa safari, *pu*, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba nyingine. Mkono ukashuka tena. Maji kwanza, halafu sauti.

Mama akajibu. Hakuwahi kutuonyesha mchezo ule, mimi wala Mustafa. Alikunja viganja kidogo akayapiga maji, yakatoa mlio mzito wa ngoma. Ng'ambo ikapiga, mama akapokea, wakaenda hivyo, wanawake wawili wazee wenye mto mzima kati yao. Kisha ng'ambo ikanyamaza.

"Ameacha?" mama akauliza, na hapo ndipo uso wake ulipotaka kuvunjika. "Mustafa, mikono yake iko wapi?"

Mustafa akavuta mpaka mwisho wa uwezo wa simu. Uso ulikuwa ule ule wa uongo. Lakini mkono, mkono ulionekana.

"Ameuinua, mama. Hapigi. Ameuinua tu, anangoja."

Mama akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Pigo la mwisho ni la mdogo," akasema. "Tangu tukioga hapa. Alikuwa hataki kuniibia hata moja."

Akalipiga. Ng'ambo mkono ukashuka, ukatua juu ya kichwa cha mwenyewe, kama aliyelipokea pigo.

Sudi alirudi jioni na samaki wake, nikamkaba kabla hajakaa. Kwa nini salamu zilikuwa tamu? Alitazama chini kijana wa watu, shingo imelowa jasho.

"Mama Zuhura, maneno anayonituma Bi Asha mimi nitayatamka vipi mbele yako? Wewe ni sawa na mama yangu. Nikayaondoa, nikabakiza mazuri."

"Ya leo yatamke," mama akaamuru.

Sudi akageukia ukutani. "Amesema unapiga maji kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Na kwamba kama utakufa kabla yake, atakuja kukuchapa kaburini."

Mama aliomba arudie. Akarudia, na usiku ule alikula ugali wa muhogo hadi akaomba kuongezewa.

Mustafa naye alikuwa ameurekodi mchezo wote kwa video, na kwa mapenzi akaisafisha kabla ya kumwonyesha. Simu ina kitufe cha kuondoa kelele za upepo. Alikibonyeza, akahifadhi juu ya ile ya kwanza. Upepo ukaondoka, na mapigo yote yakaondoka nao. Tulipoifungua, mkono uliinuka na kushuka, maji yakaruka, kimya kitupu. Nilimwambia Mustafa maneno ambayo Sudi asingeyabeba. Alikuwa amejiinamia, na nikajua analia.

Mama aliisimamisha simu kwenye ukingo wa beseni la kufulia, lililojaa maji, akaiangalia mikono ikienda bila sauti mpaka pale mkono wa ng'ambo unapobaki hewani. Akatumbukiza kiganja chake akapiga, *pu*, maji yakamrukia Mustafa pamoja na simu yake.

"Si ulisema haiogopi maji," akamwambia. "Irudishe mwanzo."