Simamia, Simamisha

Nilikuwa nimeshika kamba ya ndoo Manyang alipopiga kelele kutoka chini ya kisima. "Ekwam! Huu ukuta unatema mchanga!"

Tulikuwa tunachimba kandokando ya laga, mto usio na maji ila msimu wa mvua, hapa Kakuma, na mchanga wa laga tunaujua. Ekwam, aliyekuwa nami huku juu, akampigia injinia wa mradi, madamu Jerotich, aliyekuwa ofisini Lodwar, chini ya feni. Hivyo ndivyo hawa watu wanavyosimamia. Kule Kerio walitusimamia vivyo hivyo: gari lao halikushuka lami hata siku moja, na choo tulichowajengea kilipodidimia wakasema sisi walevi. Sijasahau.

Mtandao ulikuwa unakatakata. Ekwam akaitikia, "Ndio madamu, sawa madamu," akashusha simu meno yote nje.

"Amesema nisimamie kazi. Mimi! Sasa mniite supavaiza."

"Ejok, supavaiza!" Manyang akacheka kule chini, akimsalimu kwa Kiturkana. "Basi shuka usimamie huku."

"Msimamizi anasimama juu, bwana. Chimba."

"Na ukuta?" nikauliza.

"Madamu nimemwambia. Kama ni hatari, si angesema tuache?"

Manyang akachimba. Ndoo ikapanda, ikashuka. Halafu kamba ikanivuta viganja kwa nguvu, na chini kukatoka sauti kama gunia linalomwagwa. Nikachungulia. Shimo halikuwepo. Palikuwa na mchanga tu.

Tuliruka ndani tukachimba kwa makarai, kwa sahani, kwa kucha. Ayen, mke wa Manyang, alifika kutoka kambi ya wakimbizi akihema, bila viatu. Hapo ndipo simu ya Ekwam ilipolia. Akaiweka sauti ya juu.

"Madamu, kisima kimeporomoka. Mtu yuko ndani."

"Ndani? Si nilikuambia usimamishe kazi?"

"Ulisema nisimamie."

"Nilisema simamisha! Hilo liwe wazi, Ekwam. Nani mwingine alisikia?"

Binadamu yuko chini ya mchanga, na mkubwa anatafuta shahidi wa herufi mbili! Na Ekwam naye akaacha kuchimba ili ajitetee. "Haki ya Mungu, madamu, ulisema…"

Ayen akamnyang'anya koleo. "Lete hapa. Hiyo maneno mtamaliza yeye akiwa nje."

Tulipata bega, kisha kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa. Ayen akautoa mchanga kwa kidole, akamwita kwa lugha yao, akamwita tena. Manyang hakuitika.

"Hallo? Hallo?" simu ilikuwa bado inasema.

Niliichukua. "Amekufa. Unakuja?"

"Nitakuja kesho. Leo nina mkutano."

Ayen alisikia. Alikuwa anamfuta mumewe masikio kwa pindo la kanga. "Hapana," akasema. "Leo."

Basi tukamfunika, tukambeba mpaka barabara kuu, tukamlaza katikati ya lami, sisi wa kijiji na wale wa kambi tukakaa kumzunguka. Malori yaliyokuwa yakienda Lokichoggio yakajipanga, madereva wakazima injini, wakashuka, wakavua kofia.

Kabla jua halijatua, gari jeupe likatokea upande wa Lodwar. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kumwona madamu Jerotich uso kwa uso.